Samaki Mpole na Samaki Mkali Katika Maji Mamoja

Wakulima wenzangu, nimesikia mara nyingi, sokoni na hata mikutanoni, watu wakisema ya kuwa samaki ni wa namna mbili tu, wapole na wakali. Wapole wakae peke yao na wakali wakae peke yao, na mambo yamekwisha. Maneno haya husemwa upesi na huaminiwa upesi. Mimi sikubaliani nayo. Nataka kueleza kwa nini, kwa sababu yamewatia watu hasara, na huku kwetu upande wa magharibi yalikaribia kumharibia mzee mmoja jina lake.

Nitaanza na tangi la kioo, ingawa najua wengine watacheka na kusema ya kuwa tangi la kioo ni mchezo wa watu wa mjini. Wacheke tu. Mwanangu alipokuwa darasa la saba alitaka kuona samaki wanaishi namna gani, maana bwawani maji ni ya kijani na mtu haoni kitu ila midomo wakati wa kulisha. Basi nikamwendea fundi wa vioo akatutengenezea tangi, urefu wake sentimita 100, upana 40 na kimo 40. Tangi kama hilo likijaa lina lita 160, na lita 160 za maji ni kilo 160, bila kuhesabu kioo wala mawe. Hilo sikulifikiri mapema. Meza ya kwanza ilipinda, na mama watoto akasema mengi.

Tulitia humo ngege sita kutoka bwawani, kila mmoja urefu wa kiganja, pamoja na samaki kumi wadogo wa rangi wanaoitwa gapi, ambao hula viluwiluwi vya mbu. Tulidhani ngege ni mpole, kwa hiyo hapatakuwa na matata. Juma moja halikwisha, gapi wakabaki watatu. Juma la pili ngege mmoja, dume, alikuwa ameshika nusu nzima ya tangi. Alichimba changarawe kwa mdomo, akaitema pembeni, akafanya shimo la mviringo kama bakuli, na kila aliyekaribia alifukuzwa. Wale wengine watano walijibana pembe ya juu, mapezi yamechanika, miili na macho yamekuwa meusi. Wawili walikufa. Mwanangu alisikitika sana, na mimi niliona haya, kwa sababu ndiye niliyemwambia ya kuwa ngege hana neno.

Nikajiuliza, mbona bwawani sikuyaona haya? Jibu nililipata siku tuliyotoa maji bwawani. Chini kwenye matope palikuwa na mashimo ya mviringo, moja hapa, jingine pale, kama mabakuli yaliyopangwa. Kila shimo lilikuwa boma la dume mmoja. Ugomvi ulikuwapo siku zote, ila bwawa ni pana na maji si maangavu, na aliyefukuzwa ana mahali pa kukimbilia. Katika tangi hana. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalotaka msomaji alishike, ya kuwa ukali wa samaki hautoki katika tabia yake peke yake. Hutoka pia katika nafasi aliyo nayo, na ukubwa wake mbele ya mwenzake, na wakati wa kuzaa.

Ngege hali wenzake kama mbuta alavyo. Chakula chake kikubwa ni ule ukijani wa maji, na pumba tunayomtupia. Lakini dume akitaka kuzaa huwa kama mtu mwenye shamba lisilo na mipaka. Jike huja, hutaga katika shimo, kisha huyachukua mayai mdomoni mwake akaenda zake. Dume hubaki palepale kumngoja mwingine. Mayai huanguliwa baada ya siku chache, na watoto hukaa mdomoni mwa mama mpaka waweze kuogelea, na yote hayo huchukua yapata majuma mawili. Wakati huo mama hali, au hula kidogo mno. Basi dume ataka ardhi, na jike ataka pembe yenye utulivu. Katika lita 160 huyu hapati na yule hapati.

Je, dawa ni kuwatenganisha? Wengi watasema ndiyo. Mimi nilijaribu kwanza mambo mengine. Nilimtoa yule dume nikamweka katika pipa siku tatu. Wakati huo nikaondoa mawe yote na kuyapanga upya, nikaongeza vipande vya chungu kilichovunjika na vigae, nikavisimamisha ili samaki aliye upande huu asimwone aliye upande ule. Kisha nikamrudisha yule dume jioni, taa zimezimwa. Alirudi kama mgeni. Boma lake halikuwapo tena, na wale watatu walikuwa wamekwisha pata pembe zao. Alifukuza-fukuza kidogo, lakini mapezi hayakuchanika tena. Tena nikaanza kutupa chakula pande mbili kwa wakati mmoja, ili mmoja asiweze kulinda chote. Gapi sikuwarudisha. Samaki anayeenea mdomoni mwa mwenzake ni chakula, hata ukipanga mawe namna gani.

Kuna njia nyingine ambayo husikika kama kichaa, nayo ni kuwasonga. Watu wa Ulaya na Marekani wanaofuga wale samaki wa rangi wa mawe ya Ziwa Malawi, wanaoitwa mbuna, hutia wengi pamoja makusudi. Samaki wale ni wagomvi sana. Wakiwa wachache mmoja huwaua wenzake, lakini wakiwa wengi hakuna awezaye kumiliki mahali, na hasira hugawanyika. Ngege wetu wanaofugwa katika vizimba vya nyavu ziwani ni hivyo hivyo. Wamesongamana, hawana matope ya kuchimba, na mayai yakitagwa hupita katika matundu ya wavu kabla mama hajayaokota. Lakini aliye na tangi asiige jambo hili bila mtambo wa kusafisha maji na wa kutia hewa. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, na amonia huua wapole na wakali pamoja. Sisi tulibadilisha robo ya maji kila juma, na ndugu zetu wa mjini wenye maji ya mfereji wayaache katika ndoo wazi siku nzima kwanza, ili klorini itoke.

Sasa nije bwawani, ambako ndiko fedha ziliko.

Serikali ilipoanzisha mpango wa mabwawa mwaka 2009, wengi wetu tulichimbiwa mabwawa ya mita za mraba 300, na hesabu ilikuwa vifaranga 1,000 kwa bwawa moja. Mwanzo ulikuwa mzuri. Kisha ikaja shida ambayo kila mfuga ngege anaijua: ngege huzaa mno. Akiwa na miezi mitatu tu aweza kuanza kuzaa, na bwawa hujaa watoto wanaokula chakula cha wakubwa. Mkulima atazamia samaki wa sahani, apata samaki wa kidole. Mengi ya mabwawa yale leo yamemea majani, na sababu ni nyingi, pamoja na bei ya chakula. Lakini naamini hii ya samaki wa kidole imewavunja moyo watu wengi kuliko tunavyokiri.

Kambare ndiye awezaye kusaidia hapa. Hana magamba, ana masharubu manane, hutembea usiku, hula karibu kila kitu, na watoto wa ngege ni chakula akipendacho. Ukimtia bwawani kwa kipimo, atawapunguza watoto, na ngege wakubwa watapata nafasi ya kunenepa. Tena yeye mwenyewe ana bei sokoni. Lakini ni yule yule kambare ambaye watu husema asitiwe kabisa na ngege, kwa sababu ya mambo kama yaliyotupata kikundini.

Kikundi chetu kina bwawa moja. Mwaka ule tulinunua vifaranga 1,000 vya ngege, na siku hiyo hiyo, kwa muuzaji huyo huyo, tukanunua kambare 200. Ngege walikuwa nusu ya kidole. Kambare wengine walikuwa kidole, na wengine walikuwa wamefika urefu wa mkono. Muuzaji alisema hakuna ubaya, watakua pamoja. Hakutuambia ya kuwa kambare wa ukubwa mbalimbali wakiwa pamoja hulana wao kwa wao, wala hakuwachambua kabla ya kuuza, ingawa kila anayezalisha kambare anajua ya kuwa lazima wachambuliwe mara kwa mara tangu wakiwa wadogo. Sisi nasi hatukuuliza. Tulifurahi kuona mfuko umejaa.

Tulimwajiri mzee mmoja jirani kulinda usiku. Baada ya miezi miwili watu wakaanza kusema ya kuwa samaki hawaonekani wakati wa kulisha. Baada ya mwezi wa tatu wakasema mzee anauza samaki usiku. Hakuna aliyemwona. Walisema tu, "Kama si yeye ni nani?" Mkutano ukaitwa, yule mzee akasimama akasema, "Wanangu, mimi sijatoa hata mmoja." Hakuaminiwa. Akafukuzwa bila mshahara wa mwezi ule, na kwa muda watoto wakawa wanamwita jina baya njiani. Mimi nilikuwamo katika mkutano huo na sikusema neno.

Tulipotoa maji mwezi wa sita, tulihesabu kambare 71, wanene, wengine tukiwapasua tunakuta matumboni vichwa vya kambare wenzao. Ngege walikuwa 112. Katika mfereji wa kutokea maji hapakuwa na tundu, na ua haukuvunjwa. Mwizi alikuwa ndani ya maji tangu siku ya kwanza, na tulimnunua wenyewe na risiti tunayo.

Mwenyekiti na wengine watatu, nami mmojawapo, tulikwenda kwa yule mzee na mshahara wake na kuku mmoja. Alituketisha, akatupa chai, akatusikiliza. Mshahara aliupokea. Kazi ya ulinzi alikataa kuirudia, na sioni kama naweza kumlaumu.

Baada ya hapo nusu ya wanachama walitaka kambare wapigwe marufuku bwawani milele. Nilisimama nikasema hapana. Kosa halikuwa kambare kukaa na ngege. Kosa lilikuwa siku, ukubwa na hesabu. Kambare ana mdomo mpana na humeza kitu kizima; kwa hiyo mtu asiulize kama samaki fulani ni mpole au mkali, apime mdomo wa huyu na mwili wa yule. Kambare aliye mdogo kuliko ngege hawezi kummeza, ila atawameza watoto wake. Aliye mkubwa atammeza mama na watoto.

Hivi ndivyo nilivyopendekeza, na ndivyo tulivyofanya mara ya pili. Ngege waliingia kwanza, wenye ukubwa wa kidole, wakaachwa peke yao miezi miwili wakue. Kisha ndipo tukatia kambare, wote wa ukubwa mmoja, wadogo kuliko ngege, mmoja kwa kila ngege kumi na watano hivi. Tuliwachambua wenyewe kwa karai na ungo, mmoja mmoja, na waliozidi urefu tuliwarudisha kwa muuzaji palepale, ambaye alinung'unika. Acha anung'unike. Kila nikitupa wavu mdogo pembeni mwezi wa nne niliona watoto wachache wa ngege, si wengi kama zamani, na si kwamba hawakuwapo. Hiyo ndiyo dalili nzuri. Usipoona hata mtoto mmoja, kambare wamezidi au ni wakubwa mno, na watawageukia wengine.

Maafisa wengine wa uvuvi hawatapenda shauri langu. Wao husema ni afadhali kununua ngege madume matupu, ambao huzalishwa kwa kulishwa chakula chenye homoni majuma matatu au manne ya mwanzo, au huchaguliwa kwa mkono wakiwa wamekua kidogo. Siwapingi. Madume hukua upesi kuliko majike, na mahali penye wazalishaji waaminifu hiyo ni njia nzuri. Lakini nimenunua "madume matupu" mara mbili, na mara zote mbili nilipata watoto bwawani. Kuchagua kwa mkono humpita hata aliye hodari; majike wachache tu wakiponyoka, kazi imeharibika. Kwa hiyo hata nikiwa na madume naweka kambare wachache, kama vile mtu mwenye kufuli nzuri anavyofuga mbwa.

Wenzetu wa nchi za baridi, karibu na Mlima Kenya na Aberdare, haya hayawahusu sana. Wao wana trauti, aliyeletwa nchini mwaka 1905, naye hutaka maji baridi yanayopita. Ngege hutaka joto la nyuzi 25 hadi 30. Hao wawili hata wangependana hawawezi kukaa nyumba moja.

Kuna mtu aliniuliza swali gumu mkutanoni, na nilifurahi kwamba aliuliza. Alisema, "Wewe wasema mkali apunguze wapole. Mbona mbuta alitiwa Ziwa Victoria, na tumeona yaliyotokea?" Ni kweli. Mbuta alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960. Kwa miaka mingi hakuonekana sana, kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafula. Wale samaki wadogo tuliowaita fulu, ambao walikuwa wa mamia ya aina, wengi hawakuonekana tena. Aina nyingine zao leo zinatunzwa katika matangi ya kioo huko Ulaya na Marekani, watoto wa ziwa letu wanalelewa ugenini. Sisemi mbuta hakuleta kitu. Alileta viwanda vya minofu na fedha za kigeni, na wavuvi wengi walijenga kwa ajili yake. Lakini waliomtia hawakuweza kumtoa tena walipoona hesabu imekosewa.

Hapo ndipo bwawa na ziwa zinapoachana. Sisi tulikosea hesabu, tukafungua mfereji, tukahesabu hasara, tukaanza upya baada ya miezi sita. Tena kambare ni wa maji yetu tangu zamani, hakutoka mbali. Bwawa ni mahali pa kujaribu kwa sababu lina mlango wa kutokea. Mto hauna, wala ziwa halina.

Kwa sababu hiyo nina ugomvi na wenye matangi ya mapambo. Samaki akizidi ukubwa, au akiwauma wenzake, mwenyewe humwonea huruma, akaenda kummwaga mtoni usiku. Haifai. Gugu maji lililofunga ghuba zetu tangu miaka ya 1990 lilitoka Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Samaki wa duka naye ni hivyo hivyo. Akikushinda mrudishe dukani, au mpe jirani mwenye tangi kubwa zaidi, au, nasema waziwazi, mchinje. Na sheria haimruhusu mtu kutia samaki wageni katika maji ya wote bila idhini.

Tangi letu bado lipo. Mwanangu yuko sekondari sasa, na mdogo wake ndiye analilisha. Alitaka kambare, nikamkubalia mmoja, urefu wa kidole, pamoja na ngege wanne wakubwa kuliko yeye. Mchana hujificha chini ya kigae. Usiku wa tatu aliruka nje, kwa maana hatukuwa tumefunika, na asubuhi tulimkuta nyuma ya mlango wa jikoni, ana vumbi mwili mzima, na angali hai, kwa kuwa kambare aweza kuvuta hewa kama sisi. Tulimwosha tukamrudisha, na sasa juu kuna wavu na tofali.

Bwawa la kikundi litajazwa tena mvua za Machi zikianza. Ngege wameagizwa. Kambare hawataingia mpaka Mei, na safari hii mkutano umeamua ya kuwa nitawapima mimi na katibu, kila mmoja na rula yake.